Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: rudisheni muhogo na chumvi kwenye vipindi vya Kiingereza

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya, Mkoa wa Mtwara

Nakala: Afisa Elimu Sekondari, Afisa Lishe, Mwenyekiti wa Halmashauri, wazazi na walezi wa shule yetu

YAH: AGIZO LA KUONDOA MADA ZA AFYA NA LISHE KATIKA VIPINDI VYA KIINGEREZA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza na mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata iliyo ndani ya halmashauri unayoiongoza. Shule siitaji hapa kwa sababu walimu wake wako kazini na sitaki maneno yangu yawatie matatani. Ofisini kwako inajulikana. Barua ya bodi kuhusu jambo hili ilipokelewa masijala, ikagongwa mhuri, na kila tukiulizia tunajibiwa kuwa jalada liko kwa mhusika. Nilikwenda kwa afisa elimu kata akanielekeza wilayani. Wilayani nikaambiwa nianzie kata. Nimeona sasa niandike hadharani, wazazi wasome, nawe usome.

Kwa miaka kadhaa walimu wa Kiingereza wa shule yetu wamekuwa wakifundisha lugha kwa kutumia habari za afya na chakula cha huku kwetu. Mwanzoni mwa mwaka huu, katika ziara ya ufuatiliaji, waliambiwa waache. Walivyotueleza kwenye kikao cha bodi, kauli ilikuwa kwamba lishe ni kazi ya Baiolojia na afya ni kazi ya zahanati. Mwalimu wa Kiingereza afundishe sarufi na awafanyishe watoto mitihani iliyopita. Mada zile zikafutwa kwenye maandalio ya masomo. Chati walizochora wanafunzi zikabanduliwa ukutani siku hiyo hiyo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kilichozuiwa hakikutazamwa kwanza.

Nakuomba uchukue kipindi kimoja tu ukitazame nami. Kidato cha pili wanajifunza kauli ya kutendwa, na mwalimu anataka wajue kueleza hatua za kazi kwa mpangilio. Angeweza kuandika ubaoni sentensi kumi zisizo na uhusiano, watoto wakazigeuza, kengele ikalia. Yeye alichagua unga wa muhogo. Unga unapimwa. Unachanganywa na maji mpaka ulowane. Unatandazwa kwa tabaka jembamba. Unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Kila hatua ni sentensi ya kauli ya kutendwa, na hata wale wanaokaa nyuma, ambao Kiingereza kikianza huinamia madaftari, walikuwa na la kusema. Hakuna mtoto wa huku asiyejua muhogo. Walibishana kuhusu mpangilio wa hatua, na walibishana kwa Kiingereza kibovu lakini chao wenyewe, kitu ambacho mimi katika utumishi wangu wote nilikitafuta kwa tabu.

Njia hiyo ya kulowanisha unga haikubuniwa na mwalimu. Ilitokana na kazi ya mwanakemia Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Unga wa muhogo mchungu, hata ukiwa mkavu, unaweza kubaki na sumu ya sayanidi. Ukilowanishwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe huvunja kile kinachoshikilia sumu, na sayanidi huondoka hewani kama gesi. Basi. Haihitaji mashine wala dawa.

Na sisi wa mkoa huu ndio wa mwisho kuambiwa kuwa habari hizo hazituhusu. Mwaka 2002 na 2003 Mtwara ilipata mlipuko wa konzo. Wazee wa vijiji vilivyoguswa wanaukumbuka. Mtu anakuwa mzima, ghafla miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena maisha yake yote. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo ni kula kwa majuma mfululizo muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, tena bila kitoweo cha maana, kwa sababu mwili unahitaji protini ya samaki, mayai au kunde ili uiondoe sumu hiyo.

Unajua inavyokuwa, Ndugu Mkurugenzi. Mvua zikikata, muhogo wenyewe huzidi kuwa na sumu. Chakula kikiisha ndani, watu huharakisha. Kuloweka muhogo siku tatu kama wanavyofanya wenzetu wa mikoa mingine ni anasa kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji inanunuliwa. Hapo ndipo chinyanya inapoingia: muhogo unatwangwa ungali mbichi, unaanikwa, na muda si muda uko jikoni. Hatuwezi kuwaambia watu wasile muhogo wakati hawana kingine. Tunaweza kuwaonyesha namna ya kuutumia unga walio nao kwa maji kidogo sana, na mwalimu wetu alikuwa anafanya hivyo huku akifundisha sarufi iliyomo kwenye muhtasari.

Juma lililofuata walijifunza namna ya kutoa ushauri kwa Kiingereza, na mada ikawa chumvi. Pwani yetu, kuanzia Kilwa na Lindi mpaka huku, inavuna chumvi ya bahari, na nyingi inayouzwa gengeni kwa kopo haijatiwa madini joto. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kuangalia chumvi ya kwao: iko kwenye paketi iliyoandikwa au ni ya kupimiwa? Inahifadhiwa kwenye chombo chenye kifuniko au wazi karibu na moto? Inatiwa mwanzoni mwa mapishi au mwishoni? Kisha aandike sentensi tano za ushauri kwa mtu wa nyumbani.

Muhogo na chumvi vimeshikana. Mwili unapoivunja nguvu sayanidi, huigeuza kuwa thayosayaneti, na kitu hicho huzuia tezi ya shingo isichukue madini joto ya kutosha. Kwa hiyo nyumba inayoishi kwa muhogo mchungu ndiyo inayohitaji zaidi chumvi yenye madini joto, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayonunua ya kopo. Mama mjamzito akiyakosa madini hayo, ubongo wa mtoto aliye tumboni unaathirika. Tunakuja baadaye kumpokea mtoto huyo kidato cha kwanza na kulalamika kwamba haelewi.

Naomba yeyote aliyehusika anieleze ni wapi hapo Kiingereza kilipotea.

2. "Lishe ni ya Baiolojia."

Baiolojia inafundishwa kwa lugha gani? Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili na masomo machache. Mwalimu wa Baiolojia naye ana mihtasari ya kumaliza. Hana muda wa kumfundisha mtoto namna ya kuunda sentensi. Matokeo yake mtoto anameza maelezo.

Mimi mwenyewe nilimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa Kiingereza, mlo kamili ni nini. Akajibu neno kwa neno kama ulivyo kwenye daftari, bila kukosea herufi. Nikamwuliza, bado kwa Kiingereza, jana jioni alikula nini na kilipungua nini. Kimya. Nikarudia kwa Kiswahili, akanieleza yote: ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na nazi, dagaa walikuwa wameisha. Huyo hana tatizo la akili. Ana maarifa upande mmoja na lugha upande mwingine, na kipindi kilichokuwa kinaviunganisha ndicho mlichokiondoa. Walimu wa Baiolojia wa shule yetu hawakuwahi kulalamika kuingiliwa. Waliulizwa?

3. Karatasi za dawa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, nalo halimo kwenye Baiolojia. Mikoa yetu ya kusini inaandamwa na malaria, na karibu kila nyumba imewahi kuhifadhi boksi la dawa mseto. Dozi yake humezwa mara 6 kwa jumla katika siku 3; ile ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni. Inafaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vizuri. Maelezo yote hayo yamo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na sehemu kubwa ni Kiingereza cha maandishi madogo.

Walimu wetu waliifanya karatasi hiyo kuwa zoezi la ufahamu. Mwanafunzi anasoma, anajibu maswali: vidonge vingapi kwa mtu wa uzito huu, afanye nini akitapika, nani asimeze. Katika kipindi kimoja msichana alinyoosha mkono akasema kwamba kwao homa ikiwashika watoto wawili, dozi moja hugawanywa nusu kwa nusu. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu wengi walikuwa wanafahamu nyumba zinazofanya hivyo. Mwalimu aliacha somo likaenda huko kwa dakika zilizobaki. Nesi wa zahanati alikuja juma lililofuata akalimalizia, kwa Kiswahili, bila posho.

Katika kijiji ambacho bibi na babu hawasomi Kiingereza na duka la dawa liko mbali, mtoto wa sekondari ndiye msomaji wa nyumba. Anapewa karatasi asome. Akiwa amefundishwa tu kugeuza sentensi za vitabuni, atasoma kwa sauti nzuri asielewe, na wazee watamwamini.

4. Wasichana na upungufu wa damu.

Nitasema kwa kifupi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Umri huo unaanzia madarasani kwetu. Wakati wa kujifunza kulinganisha vitu, wanafunzi walilinganisha bibo na chungwa, wakajua kuwa bibo linalooza chini ya mikorosho yao kuanzia Oktoba lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, na kwamba vitamini hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga za majani. Wakajua pia kuwa chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Msimu wa korosho tunaokota kokwa, bibo tunaliacha nzi wale, au linakwenda kwenye uraka, pombe ya mabibo. Kuna mtoto aliandika insha nzima kuhusu hilo, na ilikuwa insha bora kuliko nyingi nilizosahihisha.

5. Agizo halina karatasi.

Hakuna waraka, hakuna barua, hakuna kumbukumbu ya kikao. Bodi haiwezi kukata rufaa dhidi ya sauti. Mwalimu naye hajui mwisho wa katazo uko wapi: je, akiandika ubaoni sentensi kuhusu samaki, amekosea? Mmoja aliniambia sasa hata mfano wa mtu anayekunywa maji anauogopa. Nilicheka, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine tumeshayasikia kwenye korido. Niyajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Litasemwa kwamba matokeo ya Kiingereza ni mabaya na halmashauri inabanwa na mkoa. Ni kweli, ni mabaya. Lakini yalikuwa mabaya kabla ya mada hizi, na yalikuwa mabaya katika shule ambazo hazikuwahi kuzifundisha. Mtihani wa kidato cha nne unamtaka mtoto aandike insha, asome habari na kuielewa. Hawezi kuandika insha mtu asiye na la kusema. Kumrudishia karatasi zilezile za miaka iliyopita kunamfundisha kukariri majibu ya maswali ambayo hatayakuta. Isitoshe, mihtasari ya sekondari inazungumzia ujenzi wa umahiri tangu mwaka 2005, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024 umelitilia mkazo zaidi neno hilo. Walimu wetu walilichukua kwa uzito. Wenzao waliolipuuza hawajaambiwa kitu.

Litasemwa kwamba mwalimu wa lugha si mtaalamu wa afya na anaweza kupotosha. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, maana ushauri mbaya wa afya unaweza kuua. Dawa yake ipo ndani ya jengo lako. Halmashauri ina Afisa Lishe. Zahanati ina nesi. Habari zinazotumika darasani ni chache, kurasa mbili hapa, tatu pale. Zipitiwe, zirekebishwe, zipigwe mhuri. Tuliomba hivyo kwenye barua ile iliyoko kwa mhusika. Na mwalimu asifundishe tiba. Afundishe kusoma maelekezo yaliyoandikwa na wenye taaluma, na kumwambia mtoto wazi kwamba ugonjwa unapelekwa zahanati.

Litasemwa wazazi walilalamika. Walilalamika, nilikuwepo. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema mjukuu wake anamkosoa bibi yake kuhusu chumvi, tena kwa Kiingereza, na kwamba hakumpeleka shule akajifunze utovu wa adabu. Watu walicheka lakini mzee alikuwa na haki yake. Mwalimu alimjibu vizuri: zoezi lililofuata likawa namna ya kumshauri mkubwa kwa upole, na watoto wakaagizwa nyumbani waseme kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, kwa heshima zote, wakiulizwa. Mzee yule leo ni miongoni mwa walioweka saini kwenye barua ya bodi. Malalamiko yake hayafai kutumiwa kama sababu wakati mwenyewe ameshayaacha.

Litasemwa pia hakuna bajeti. Hatujaomba hata shilingi. Lakini kwa kuwa fedha itatajwa, nami niitaje: wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Watoto hao wanapikiwa na nani? Wengi wanalishwa na dada zao walioko sekondari, na baada ya miaka michache dada hao ndio watakaokuwa mama. Nchini, kwa takwimu za mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Halmashauri inayopimwa kwa mkataba huo kila robo mwaka inazuia vipi kipindi kinachofundisha jambo lilelile bila gharama?

Tunachoomba ni hiki, Ndugu Mkurugenzi.

Agizo lile liondolewe kwa maandishi, na nakala ipelekwe kwa mkuu wa shule ili walimu wasiishi kwa kubahatisha. Kama halmashauri inaona libaki, basi nalo liandikwe, likiwa na sababu na jina la aliyelitoa, tujue tunajibizana na nani.

Afisa Lishe na Afisa Elimu Sekondari wakae siku moja na walimu wa Kiingereza na wa Baiolojia wa shule yetu, wapitie habari zote zinazotumika. Chai na mihogo ya kuchemsha itaandaliwa na bodi; muhogo utakuwa mtamu, msiwe na wasiwasi.

Kabla ya kuamua, wewe au mwakilishi wako mje mkae darasani kipindi kizima, mwanzo mpaka mwisho. Vipindi vya Kiingereza vya kidato cha pili ni Jumanne na Alhamisi asubuhi. Hakuna haja ya kutoa taarifa.

Na barua ya bodi ijibiwe kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula wa pili mwezi Julai, kwa kuwa maandalio ya muhula huo yanaandikwa wakati wa likizo, na walimu wanahitaji kujua waandike nini. Tusipopata jibu kufikia hapo, bodi imekubaliana kulipeleka suala hili kwa diwani wetu liingie kwenye baraza la madiwani, na kwa Afisa Elimu wa Mkoa.

Chati zilizobanduliwa zimehifadhiwa na mlezi wa klabu ya Kiingereza. Ziko tayari kwa ukaguzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Mjumbe wa Bodi ya Shule,
Mkoa wa Mtwara